Mkanda Niliowakataza Watu Kufunga

Wadogo zangu wa chumba cha dharura, siku mliponiaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na keki ambayo nusu yake ilikuwa imeliwa kabla sijafika. Nawashukuru kwa vyote, hata kwa ile nusu. Kisha Doto akanishika mkono mlangoni akasema, "Mama Foibe, usiondoke na ile habari ya mkanda. Iandike." Nimekaa nyumbani wiki tatu sasa. Bustani nimeipalilia hadi magugu yameniishia, na jirani yangu ameanza kupita njia ya nyuma kwa sababu kila nikimwona namuuliza habari ya presha yake. Basi naandika.

Vyeo sitavizungumzia. Barua za kupandishwa zilikuja zilipotaka, na mshahara mnaujua. Nitasema juu ya kazi yenyewe, tena sehemu yake moja tu, ile ya kuzuia damu isimwishe mtu kabla hajamfikia daktari. Itabidi pia niseme kosa langu. Mmezoea kunisifu kwamba mimi ndiye niliyewafundisha watu wa huku kufunga mkanda. Ni kweli, lakini kabla ya hapo mimi ndiye niliyewafundisha wasifunge.

Nilishuka Kigwa kwenye treni ya abiria nikiwa na sanduku la bati, godoro la kuviringisha na cheti changu cha uuguzi, ambacho nilikuwa nimekishika mkononi tangu Dodoma nikiogopa kisikunjike. Zahanati niliyopangiwa ilikuwa ndani zaidi, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Aliyekuja kunipokea alikuwa tabibu wa zahanati hiyo, Bwana Mihayo, mtu mrefu, mkimya, ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Dodoma. Mimi Mgogo."

Bwana Mihayo akawageukia akina mama waliokuwa wakiuza asali na karanga pale stesheni. "Jamani, tuliomba nesi, wametuletea Mgogo."

Wakaangua kicheko. Mmoja akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. "Kunywa, mwanangu. Babu zako walituuzia maji njiani. Sisi tunakupa ya bure, ili ukawaambie kwamba inawezekana."

Kwa wale mliozaliwa Dar na kuletwa huku na barua ya ajira, nieleze kidogo. Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, walipita kwetu Ugogo, na babu zangu wakawatoza hongo kwa kila kisima. Badala ya kubaki maadui tukawa watani. Mtani anakusema mchana kweupe mbele ya watu na huruhusiwi kununa. Anakwambia hata lile ambalo ndugu yako wa damu angelimeza. Sikujua siku ile kwamba utani huo ndio ungekuja kuniokoa kazini. Nilikunywa maji, nikawaambia ni ya chumvi, wakafurahi zaidi. Bwana Mihayo akalifunga sanduku langu kwenye keria ya baiskeli kwa vipande vya tyubu kuukuu, kama ambavyo kila mtu wa huko hufunga kila kitu, kuanzia mkaa hadi mbuzi.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu. Tulikuwa na jiko la mafuta ya taa lililotoa moshi mwingi kuliko moto, sufuria ya kuchemshia sindano, mikasi miwili ambayo mmoja ulikuwa wa kukatia nguo tu, na bendeji ambazo tulizifua, tukazichemsha, tukazianika nyuma ya nyumba. Mbuzi wa mwenyekiti walizipenda sana bendeji hizo. Ninyi mnaofungua pakiti na kutupa hamjui raha ya kumkimbiza mbuzi mwenye mita mbili za bendeji mdomoni huku mgonjwa akikusubiri.

Bwana Mihayo hakuwa mtu wa hotuba. Siku ya kwanza aliponiona nimebabaika mbele ya mkulima aliyejikata na panga, aliniondoa kwa bega na kusema, "Damu ina kelele kuliko mgonjwa. Usiisikilize. Itazame inatokea wapi." Akaweka kitambaa penyewe, akalalia kwa uzito wake wote, akahesabu dakika kwa saa ya ukutani bila kuchungulia. Ikasimama. Alinifundisha kwamba vidonda vingi vinataka hilo tu: mkono mzito na mtu asiyechungulia.

Vile vichache visivyotaka hilo alikuwa na dawa yake droo ya chini. Ilikuwa kitambaa kigumu cha marekani kilichokunjwa hadi upana wa vidole vitatu, pamoja na kijiti cha mninga alichokuwa amekilainisha kwa kipande cha chupa. Jioni moja alinikalisha akanifunga mimi mwenyewe mkononi. Vidole vinne juu ya mahali pa kidonda. Kamwe si juu ya kiwiko wala goti. Fundo, kijiti juu ya fundo, fundo tena, halafu zungusha.

"Inauma," nikasema.

"Bado."

"Bwana Mihayo, inauma kweli."

Akanishika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, akazungusha mara moja zaidi, mapigo yakapotea. "Sasa ndiyo imefunga. Mgonjwa atakutukana. Ukilegeza kwa kumwonea huruma, umemwua kwa huruma. Saa ngapi?"

"Saa ngapi nini?"

"Umefungwa saa ngapi? Kiungo kilichofungwa kina muda wake. Ukisahau saa, umefanya nusu ya kazi." Akanifungua. Mkono wangu uliwasha hadi wakati wa kula.

Katika mwaka wangu wa pili ndipo nilipokutana na jambo la nyoka. Msimu wa kupalilia mpunga, watu wa huko waling'atwa mara kwa mara, na kila aliyeng'atwa alifungwa tyubu ya baiskeli juu ya jeraha, mbili, tatu, kwa nguvu zote, ili sumu isipande. Asubuhi moja tuliletewa zahanati mama mmoja kutoka porini. Alikuwa amefungwa tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Mguu ulikuwa mweusi, na baridi kabisa. Kaka yake alikuwa amemuua nyoka na kumleta kwenye kopo, akitegemea kwamba tukimjua nyoka tutaijua na dawa.

Tulimwita Mzee Kasanda aje kumtambua. Mzee Kasanda alikuwa kiongozi wa wayeye, wale wachezaji ngoma wanaowashika nyoka na kuwaganga waliong'atwa, na watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana. Alimgeuza yule nyoka kwa ncha ya fimbo. Akamgeuza tena.

"Huyu hana kitu," akasema. "Huyu anakula panya."

Mguu ule ulikatwa mjini. Nyoka hakuwa amefanya lolote, tyubu ndiyo iliyouchukua. Nakumbuka Mzee Kasanda alikaa kwenye benchi la zahanati hadi mchana akimtazama yule nyoka, kwa sababu kufunga vile watu walikuwa wamejifunza kwake, naye kwa baba yake. Alipoinuka akaniambia, "Mgogo, Jumamosi tunacheza ngoma uwanja wa mnada. Njoo useme maneno yako. Watu watakuwa wengi."

Nilikwenda. Nikaenda na Jumamosi iliyofuata, na nyingine, mwaka mzima na zaidi. Wayeye wakicheza na nyoka wao, watu wakajaa, halafu ngoma ikanyamaza na mimi nikapanda juu ya kreti la soda. Niliwaambia: usifunge, usichanje, mlaze mtu asitembee, mlete haraka. Watu walisahau matatu na kukumbuka moja. Basi nikaona heri niwape hilo moja, fupi, wasilipoteze. Mzee Kasanda akalitungia wimbo. Mguu usifunge, mkono usifunge, kwa lolote lile usifunge, mpeleke kwa Foibe. Ulikuwa na mdundo mtamu. Watoto waliurukia kamba.

Bwana Mihayo aliusikia mara moja akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Lile 'kwa lolote lile' ungelitoa," akasema.

"Linakaa vizuri kwenye wimbo."

"Najua linakaa vizuri."

Akarudi ndani na chai yake. Nami kwa furaha niliyokuwa nayo sikumsikiliza, kwa sababu miguu iliyofungwa ilikuwa imepungua hadi tukawa tunamaliza mwezi bila kuona hata mmoja. Nilijiona nimefika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na wimbo wenye jina langu ulikuwa ukiimbwa minadani.

Jumanne Kapaya alikuwa mfuga nyuki. Kiangazi kile alikuwa porini anachonga magogo ya mizinga, na wenzake wanne walikuwa wakichoma mkaa hatua chache kutoka kwake. Shoka liliteleza kwenye fundo la mti likamwingia mguuni, upande wa ndani, chini kidogo ya goti. Bwana Mihayo alikuwa mjini kuchukua dawa. Aliyekuja kunichukua alikuwa mmoja wa wale wanne. Aliingia na baiskeli hadi ndani ya chumba cha sindano.

"Sista, Kapaya anaisha damu."

"Mmemfanyia nini?"

"Mkewe anamkandamiza."

Nilipanda kwenye keria nikiwa na mfuko wangu wa bendeji, nikamshika kiunoni mtu ambaye jina lake sikulijua. Alikanyaga njia ile ya mchanga kama nusu saa bila kupumzika.

Tulimkuta Kapaya chini, uso umepauka, midomo mikavu. Mkewe, Kashindye, aliyekuwa amemletea uji, alikuwa amepiga goti lake juu ya kidonda, kanga imekunjwa chini ya goti, mikono yote miwili juu ya goti. Kanga ilikuwa imelowa, na mchanga pia. Kila alipotikisika damu iliruka. Mwanamke yule alikuwa amemshikilia mumewe hai kwa uzito wa mwili wake muda wote huo, na mapaja yake yalikuwa yanatetemeka. Pembeni walisimama wanaume watatu wenye nguvu. Baiskeli zao zilikuwa zimeegemea miti, na kwenye kila keria tyubu za kufungia mkaa zilikuwa zinaning'inia.

"Mbona hamkufunga?" nikauliza.

Wakatazamana. Mkubwa wao akajibu kwa adabu kabisa, "Sista, si ulikataza?"

"Nilikataza kwa nyoka."

"Wimbo unasema kwa lolote lile."

Hakuwa ananitania. Wangeweza kumfunga tangu dakika ya kwanza, walijua namna, mababu zao walijua, vifaa walikuwa navyo mbele ya macho. Walisimama wamekunja mikono kwa sababu walikuwa wananitii. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilimwona Kapaya anakufa kwa ajili ya neno nililolipenda kwa kuwa lilikaa vizuri kwenye wimbo.

Nikachukua tyubu kutoka kwenye keria ya karibu. Ilikuwa pana, ya kubebea mzigo mkubwa, na nashukuru haikuwa waya. Kwa kuwa kidonda kilikuwa karibu na goti, nikapanda juu, kwenye paja, vidole vinne kutoka gotini. Nikaizungusha mara mbili nikiivuta, fundo, kijiti, fundo, na nikaanza kuzungusha kijiti. Kapaya, ambaye nilidhani hana nguvu ya kuongea, akafumbua macho akanitukana kwa Kinyamwezi. Nilikuwa nimekwisha kujifunza lugha ya kutosha kuelewa kila neno, na hakuna hata moja nitakaloliandika hapa. Nikazungusha tena. Nikamwambia Kashindye aondoe goti taratibu.

Aliondoa. Tukatazama wote sita, na Kapaya wa saba. Damu haikuja.

Nilichukua kalamu nikaandika kwenye paji la uso wa Kapaya: saa nane na dakika kumi. Kwa haraka yangu nane ikaonekana mbili, nikaifuta kwa mate nikaandika upya. Tukamlaza kwenye miti miwili na kanga iliyobaki, tukaelekea relini, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa karibu, na Mungu alikuwa ametuwekea pale kiberenge cha mafundi wa reli wakipakia vyuma vyao.

"Hiki ni cha kazi," msimamizi wao akasema.

"Na hii ni nini?" Kashindye akamuuliza akimwonyesha mumewe, akapanda akaketi juu ya vyuma. Yule bwana alitazama paji la uso wa Kapaya, akatazama saa yake, akawasha mashine.

Sitasahau safari ile ya kwenda Tabora, upepo usoni, kanga ikipepea, mgonjwa akilalamika njia nzima. Fundi mmoja, mtu mwema tu, aliinama akitaka kulegeza tyubu "kidogo, apumue." Kashindye alimpiga kofi mkononi. "Umeambiwa uguse?" Mguu ulifika kabla ya muda wake kwisha. Daktari wa upasuaji alishona mshipa, na siku ya nne Kapaya aliulizia shoka lake. Nilicheka nikalia palepale wodini, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimefiwa.

Bwana Mihayo alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikumbusha alichosema. Alisema tu, "Umelipeleka neno kwa wimbo. Litarudi kwa miguu." Nikamuuliza Mzee Kasanda wimbo umefika wapi. Akahesabu kwa vidole: Goweko, Tabora mjini, huku Uyui yote, na wayeye wenzake walikuwa wameucheza hadi upande wa Nzega. Nililala vibaya kwa muda mrefu. Mahali fulani, katika kijiji ambacho sikukijua, mtu angekatwa na kitu, na watu wazuri, watiifu, wangesimama wameshika tyubu mikononi wakimtazama.

Nilitaka kuanza kimya kimya, kijiji kimoja kimoja. Mzee Kasanda akakataa. "Ulikosea uwanjani, utasahihisha uwanjani. Tena utalipa. Wewe ni mtani."

Basi Jumamosi, mbele ya mnada mzima, aliwaeleza watu kwamba Mgogo huyu aliwazuia kufunga damu na nusura amuue Kapaya. Akauliza adhabu. Watu walipiga kelele wakitaja kila aina ya upuuzi, hadi bibi mmoja akasema, "Babu zetu walipita kwao na mizigo kichwani. Na yeye abebe." Wakaniletea gunia la mihogo mikavu. Si dogo. Nikabeba kichwani nikazunguka uwanja, na kila baada ya hatua kumi mtu alisimama mbele yangu akanitoza hongo ya kupita, nami nilipaswa kuusifu ukoo wake ndipo anipishe. Nilisifu koo zote za Uyui siku ile. Shingo iliniuma wiki nzima, na sijawahi kupewa adhabu iliyonifurahisha kiasi kile. Nilipotua gunia hakuna aliyekuwa na hasira na mimi, na wote walikuwa wananisikiliza.

Nikapanda kwenye kreti. Nikasema nilikosea. Sumu usifunge, damu inayoruka funga. Kidonda cha kawaida kandamiza. Kikilowesha kitambaa juu ya kitambaa na hakisimami, na kiko mkononi au mguuni, funga, kaza, andika saa, usilegeze, kimbia. Kapaya alikuwa pale akaonyesha kovu lake. Aliendelea kulionyesha kwa miaka, hata kwa watu ambao hawakuuliza. Maswali yalikuwa mengi. Mtu mmoja aliuliza, kama aliyeumia ni kichwa, wafunge shingo? Nikashusha pumzi, nikaongeza sentensi kwenye somo. Sikuwahi tena kulifupisha somo kwa ajili ya uzuri wake.

Mzee Kasanda akatunga wimbo mwingine. Haukuwa mtamu kama wa kwanza, na alinilaumu kwa hilo hadi alipofariki.

Bwana Mihayo alistaafu, mimi nikahamishiwa mjini, na huko ndiko mlikonikuta. Miaka ya bodaboda ilipoanza, kazi ya mkanda ikawa ya kila siku. Kabla hatujaletewa ile mikanda ya kisasa yenye kijiti cha plastiki, nilishona ya kwangu. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko aliniwekea vipande vya mikanda ya mabegi, na kila nikipita aliuliza, "Sista, leo umefunga wangapi?" kwa sauti ambayo wateja wake waliisikia vibaya.

Mkumbuke mambo machache niliyoyaona kwa macho yangu. Msifunge juu ya mfuko wa suruali wenye simu, maana mtakaza simu na damu itaendelea. Msifunike mkanda kwa shuka, mwenzenu wa zamu inayofuata hatauona. Mjihadhari na shangazi mwenye huruma anayelegeza mkisha kugeuka. Na mkikuta umefungwa waya au kamba nyembamba, msimgombeze aliyefunga. Alithubutu.

Vijiwe vya bodaboda nilivitembelea vyote, na shule, na makanisa yaliyonikubalia, Moravian na Katoliki, na msikiti mmoja ambao imamu wake alinishinda kufunga kwa kasi. Lakini ule woga haukuniisha. Kila aliyeletwa akiwa amelowa na hajafungwa, nilimuuliza aliyemleta ametokea kijiji gani, na moyo wangu ukasubiri. Mara mbili, katika miaka yote ile, nilijibiwa kwamba kuna wimbo wa zamani unaokataza. Mara zote mbili walikuwa wametoka upande wa Nzega, ambako sikuwahi kufika kusahihisha. Niliandika barua, nikaagiza watu. Nzega ni kubwa na mimi nilikuwa mmoja.

Sasa nifike wiki yangu ya mwisho. Mlikuwepo wengine, lakini mlikuwa na shughuli na yule kijana wa ajali ya bajaji, kwa hiyo hamkusikia kilichosemwa.

Asubuhi ya Jumatano ilikuja gari ya mizigo kutoka Puge. Nyuma alikuwemo mwanamke wa kama miaka thelathini, ameshikwa mkono na mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga. Mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, umepasuka hadi ndani. Niliposikia Puge, wilaya ya Nzega, nilikimbilia nyuma ya gari. Nilitazama sakafu ya gari nikitegemea damu. Ilikuwepo kidogo tu, tena imekauka.

Juu ya kidonda, vidole vinne kamili, palikuwa na kitambaa cha kanga kilichokunjwa kwa upana wa vidole vitatu, mwiko wa ugali umezungushwa na kufungwa usirudi nyuma. Kwenye paji la uso, kwa mkaa, saa mbili na robo. Nilimpima mapigo chini ya mkanda, hayakuwepo. Sikuwa na la kuongeza. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minne na sikuwahi kufunga vizuri kuliko vile.

Ubavuni mwake alikaa mama mkwe wake, kikongwe mwembamba, kanga ya pili ameivaa kichwani, miguu mitupu. Alikuwa anamzuia mkwewe asiguse mwiko.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Nani kafunga hapa?"

"Marahaba. Mimi." Akanitazama kwa wasiwasi. "Nimekosea?"

"Hujakosea, mama. Umemwokoa. Nani alikufundisha?"

Akafikiri. Niliona anatafuta kweli, siyo kwamba anaficha. Alitafuta jina, mkutano, siku, akakosa. Nilitaka kumsaidia, nikamuuliza kama kuna nesi aliyewahi kupita kwao, au wimbo, au wachezaji ngoma. Akatikisa kichwa. Mwishowe akachoka na mimi.

"Lakini sista," akasema, "kwani kuna mtu asiyejua hilo?"

Nilishika ukingo wa gari, nikacheka kwa furaha. Kisha nikamjibu, "Alikuwepo mmoja, mama. Ila Ijumaa hii anastaafu."